Inchi Tatu za Nyuma

Ngamiani, Tanga, pikapu iliyolala nyuma ilihesabiwa mgonjwa. Sisi vijana wa gereji ya springi ndivyo tulivyolelewa: gari tupu lisimame limeinua mkia, ili likishapakiwa machungwa ya Muheza hadi kupita kingo za bodi ndipo likae sawa na barabara. Mwenye gari hakuja na vipimo. Alikuja akasema, "Shikamoo mzee, jana tairi imekula fenda njia nzima," na mzee wetu alijua la kufanya kabla hajaweka kikombe chini.

Springi ya nyuma ya Hilux ni mabapa ya chuma yaliyolaliana, refu juu na mafupi chini yake, yakashikwa katikati kwa bolti moja, kisha yakabanwa na ekseli kwa yubolti. Mzigo wa miaka huyanyoosha. Tuliyavua, tukayatenganisha bapa kwa bapa, tukayapiga nyundo yakiwa baridi juu ya kipande cha reli kilichokuwa fuawe yetu, pigo hili karibu na lile, mpaka upinde urudi. Ukipiga kwa pupa bapa linapinda mahali pamoja tu, na hapo ndipo litakapokatikia. Aliyetaka zaidi aliongezewa bapa, mara nyingi limechongwa kutoka springi ya gari kubwa zaidi. Pikapu ikitoka hapo inarukaruka ikiwa tupu, wanaokaa nyuma wanashika viuno, na halalamiki mtu. Gari lilikuwa la kubeba. Ombi la kushusha nyuma sikuwahi kulisikia hata kwa utani.

Nilipohamia San Diego, Marekani, nililisikia wiki ile ile niliyoanza kazi. Gereji haikuwa mbali na City Heights, ambako ukitembea University Avenue utasikia Kihispania, Kivietinamu, Kisomali na Kiswahili cha Kongo kabla hujavuka taa za pili. Ililetwa Toyota ndogo, ile ile tuliyoiita Hilux nyumbani. Wamarekani walikuwa wameliacha jina hilo wakaiita Pickup tu, hadi Tacoma ilipoingia 1995. Kati ya tairi ya nyuma na fenda kiganja hakikupita. Nikachuchumaa nikachungulia. Springi nzima, hakuna bapa lililovunjika. Ila kati ya springi na ekseli palikuwa na bloki ya aluminiamu ya inchi 3, imebanwa na yubolti ndefu kuliko za kiwandani.

Hesabu yake ni nyepesi ukishaiona. Toyota hiyo ya magurudumu mawili ya kuendesha hupitisha springi chini ya ekseli. Bloki ikiwekwa katikati, springi inasukumwa chini zaidi, na chasisi iliyokaa juu yake inafuata. Kwenye ndugu yake ya magurudumu manne springi ziko juu ya ekseli, na huko bloki hiyo hiyo ingeliinua gari.

Waliotaka magari hayo walikuwa zaidi Wamarekani wenye asili ya Meksiko, na wazee wao walikuwa na historia midomoni. California ilipitisha sheria iliyoanza kazi 1958, kifungu cha 24008, ikikataza gari ambalo sehemu yoyote ya mwili wake iko chini ya ukingo wa chini wa rimu. Polisi walikuwa na la kupima. Mwaka uliofuata Ron Aguirre wa San Bernardino akaifunga Corvette yake mitambo ya haidroliki: gari linalala likiwa limeegeshwa, na askari akitokea linainuka kwa swichi hadi kimo halali. Pampu na vali za kazi hiyo wengi walizitoa kwenye mabaki ya ndege za vita. Mimi niliyezoea nyundo na reli nilizisikiliza hadithi hizo kwa husuda ya kifundi. Sheria ilitaka kuyainua magari, ikazaa werevu wa kuyainua na kuyashusha upendavyo.

Pikapu ndogo zilizoletwa kwetu hazikuwa na haidroliki. Zilikuwa na bloki, na vijana wake walikuwa na miaka ishirini na kitu, hawabebi chochote isipokuwa spika. Kisha nikaanza kuona kitu kingine. Vijana wale wale walirudi na mvi za kwanza, wana watoto, wengine wamefungua biashara ya kutunza bustani, na pikapu ya ujana ndiyo pikapu ya kazi. Mashine za kukata majani zikipanda, ekseli inagonga mpira wa kuzuia chini ya chasisi kila kwenye tuta. Ombi likageuka: "Niinulie nyuma kidogo, lakini isionekane imeinuliwa." Hapo nikawa mtu wa maana gerejini, maana kuinua nyuma ndiyo shule yangu.

Kidogo hicho ndicho kigumu. Kwanza kupima. Wengi hupima kutoka ardhini hadi fenda, kipimo kinachobadilika ukiweka tairi nyingine au ukisahau upepo. Mimi napima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, sakafu ikiwa sawa, tangi likiwa na mafuta. Na sipimi gari likitoka kwenye jeki. Mabapa ya springi hukwaruzana na kushikana, kwa hiyo gari lililoshushwa sasa hivi husimama juu ya kimo chake cha kweli. Nalisukuma mbele na nyuma, nakalia bodi nikiruka mara kadhaa, ndipo natoa utepe.

Kisha kuchagua njia. Kubadilisha bloki ya 3 kwa ya 2 kunarudisha inchi nzima. Kurefusha sheko, kile kiungo kinachoning'inia mwisho wa nyuma wa springi, kunarudisha takriban nusu tu ya urefu ulioongezwa, kwa sababu jicho moja la springi ndilo linaloshuka na lile la mbele limebaki palepale. Mteja akitaka nusu inchi, sheko inatosha na yubolti haziguswi. Bloki mbili hazipandishwi moja juu ya nyingine, hata mteja akilia, zinaweza kutelezana. Kichwa cha bolti ya katikati lazima kiingie tunduni mwa bloki, la sivyo ekseli itakaa upande na gari litatembea kama kaa. Yubolti zilizovuliwa hazirudi, na mpya zinakazwa tena baada ya gari kutembea, maana kila kitu hapo chini hukaa upya.

Kinachosahauliwa zaidi ni breki. Toyota hizo zina vali ya kugawa nguvu ya breki za nyuma, imefungwa kwenye chasisi, na kutoka kwake kuna ufito unaokwenda hadi ekseli. Nyuma ikilala kwa mzigo, ufito unasukumwa, vali inaachia nguvu zaidi nyuma. Sasa shusha gari kwa bloki. Vali haijui kuwa bodi ni tupu. Inaona nyuma imelala, inadhani kuna mzigo, inazipa breki za nyuma nguvu kamili, na siku ya mvua matairi ya nyuma yanakaba kabla ya yale ya mbele. San Diego mvua ni chache, kwa hiyo gari linaweza kukaa na ugonjwa huo msimu mzima bila dalili. Kijana wa Kongo niliyekuwa nikimfundisha aliniuliza, "Kaka, sasa tuliinua nyuma, ule ufito tuuache vile?" Swali zuri. Ukibadilisha kimo kwa upande wowote, mahali ufito unapofungwa panarekebishwa. Naye sasa huanzia hapo kabla hajagusa spana.

Kwa upande wangu ningeridhika na bloki na sheko hadi kustaafu. Lakini mifuko ya hewa ilikuja ikalimeza soko. Mfuko wa mpira kila upande, tangi dogo, kompresa, vali na vipimo vya hewa karibu na usukani. Dereva anaongeza hewa nyuma inapanda, anatoa nyuma inalala chini kabisa. Wanaotaka ilale hasa hukata sehemu ya chasisi juu ya ekseli na kuchomelea kipande chenye umbo la upinde ili ekseli ipate pa kupanda, na uchomeleaji huo simkabidhi mtu ninayemwonea mashaka. Wengine huondoa mabapa yote na kuweka mikono minne ya kushikilia ekseli. Mimi humshauri mwenye kubeba mizigo aache springi zake na kuongeza mifuko ya kusaidia tu. Mfuko ukipasuka barabara kuu ya 805, mabapa yatakufikisha nyumbani.

Mambo yamebadilika hata nje ya gereji. National City, jirani yetu wa kusini, ilikuwa imepiga marufuku tangu 1992 kuzungukazunguka barabarani kwa magari haya. Marufuku hiyo ikafutwa 2023. Sheria ya jimbo, AB 436, iliyoanza kazi Januari 2024, ikaondoa pia katazo la kimo lililokuwapo tangu 1958. Highland Avenue ya National City sasa magari yanalala mbele ya polisi na hakuna anayetoa utepe wa kupimia. Kiwandani nako: Tundra ya mwaka 2022 iliacha springi za mabapa nyuma, ikaja na springi za koili, na anayelipia zaidi anapata mifuko ya hewa inayosawazisha nyuma yenyewe. Kilichoanza kama hila ya kumkwepa askari kinauzwa dukani na dhamana.

Mtunza bustani mmoja, mwenye Toyota ya bloki ya inchi 2 niliyoirekebisha mimi, amekuja kuulizia mifuko. Anataka gari lilale Aprili kwenye sherehe za Chicano Park na libebe kazi siku nyingine zote. Nimemwambia alete kwanza mashine zake zote, zikiwa na mafuta, nizipime uzito.