Sahihi Yangu, Mzigo wa Mwenzangu

Katika Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kifungu cha 147 kimenifunza zaidi ya vingine vyote, na si kazini tu. Kwa ufupi kinasema kwamba wakala aliyeidhinishwa, akifanya jambo kwa niaba ya mwenye bidhaa, sheria itamhesabu kuwa ndiye mwenye bidhaa, na ushuru utadaiwa kwake binafsi. Kifungu kinachofuata kinambana na mwenye mzigo kwa yale aliyotamka wakala wake. Hapo hakuna pa kukimbilia, si kwa huyu wala kwa yule. Mimi wakala mzigo sijaununua, sitauuza, pengine hata sitauona kwa macho. Lakini nikishaweka jina langu kwenye tamko, ni wangu.

Kazi hii nilifundishwa na mama mmoja mtu mzima, katika ofisi ndogo ya uwakala wa forodha Kurasini, jirani na bandari ya Dar es Salaam. Aliianza zamani, enzi za fomu na karatasi za kaboni. Sote tulimwita Mama. Kila asubuhi, baada ya shikamoo, alinikabidhi jalada lenye ankara ya muuzaji, orodha ya vifurushi na ile hati ya meli ambayo mjini kila mtu anaiita BL, halafu ananiambia nimweleze kilichomo ndani ya kontena. Hakutaka nimsomee. Alitaka nimweleze, kwa sababu afisa atakayepokea tamko hana njia ya kuuona mzigo isipokuwa kwa maneno nitakayomwandikia.

Siku moja lilikuja jalada la mfanyabiashara wa Gerezani, mzigo kutoka Dubai. Ankara nzima ilikuwa na mstari mmoja: spea za magari. Mama akampigia simu. "Andikeni spea, mama yangu, spea ni spea," alijibu. Mama akamwomba kwa upole atutajie kimoja kimoja, akaniambia niandike huku akiufungua ule mwongozo mnene wa Shirika la Forodha Duniani, ambao umetumika tangu 1988 na unagawa bidhaa zote za ulimwengu katika sura. Matairi yakaenda 4011, sura ya mpira. Vioo vya pembeni vikaenda 7009, sura ya vioo. Chujio za oili 8421. Plagi 8511. Betri 8507. Viti vya gari vikaenda sura ya 94, pamoja na samani. Breki ndizo zilizobaki 8708, mahali ambapo mteja alidhani mzigo wote ungekaa. Tarakimu 6 za mwanzo za kila namba ni za dunia nzima. Afrika Mashariki tunaongeza 2. Namba hiyo kamili ndiyo inayoamua kama bidhaa italipa sifuri, asilimia 10, asilimia 25, au asilimia 35 iliyoongezwa mwaka 2022.

Ilipofika jioni, yale maboksi ya "spea" yalikuwa yamegeuka vitu. Nilijua nini kimetengenezwa kwa mpira, nini kwa chuma, nini kinawaka na nini kinachuja. Tangu siku ile sipendi maneno ya jumla. Mtu akiniambia mwanawe "ana tabia mbaya", namwuliza anafanya nini, lini, na kwa nani. Mara nyingi tukishataja, kinabaki kitu kimoja kidogo kinachoweza kushughulikiwa. (Katika mwongozo ule nilipenda pia kwamba walioupanga waliiacha sura ya 77 wazi, kati ya alumini na madini ya risasi, kwa ajili ya mahitaji ya baadaye. Watu waliotaka kutaja kila kitu walikumbuka kuacha nafasi ya kisichojulikana bado.)

Thamani ndiyo inayoleta majaribu. Ushuru wetu unapigwa kwa bei halisi iliyolipwa, ikijumlishwa na nauli na bima hadi bandarini, na wateja huja na ankara mbili, moja ya kweli na moja ya forodha. Mama hakuwahi kumgombeza mtu kwa hilo. Alimkalisha, akachukua kikokotoo. Ukisema bidhaa ya milioni 50 umeinunua kwa milioni 20, alimwambia, vitabu vyako vitaonyesha faida ambayo hukuipata, na kampuni yako itailipia kodi ya mapato asilimia 30. Na forodha wana miaka 5 ya kurudi kukuomba vitabu hivyo. Wengine walielewa. Waliokataa aliwarudishia majalada yao yakiwa yamefungwa vizuri, akawaombea safari njema.

Kuna mzigo mmoja ambao siwezi kuusahau. Mzee mmoja alikuja kutoka Morogoro. Mwanawe alifariki Muscat alikokuwa akifanya kazi, na wenzake walikusanya vitu vyake wakavileta kwa meli. Karatasi ilisema tu: vitu binafsi, katoni 6. Jedwali la Tano la sheria ile ile linasamehe ushuru kwa vitu vilivyotumika vya marehemu vikimfikia mrithi, ikiwa si vya kuuza. Lakini msamaha nao unataka orodha. Tukawapigia wale vijana Muscat, wakaanza kututajia: mashati, kanzu, jiko la umeme, blanketi, viatu, redio. Mzee alikuwa ameketi mbele yangu, na kila nilichoandika alikitamka kwa sauti ndogo. Kisha wakataja cherehani mpya, bado iko kwenye boksi lake, yenye jina la mama wa marehemu lililoandikwa kwa kalamu ya wino mzito.

Nilimtazama Mama. Kuiweka pamoja na vitu vilivyotumika ingekuwa rahisi, na sidhani kama kuna afisa angekuwa na moyo wa kumwuliza mzee yule. Mama akasema iandikwe ilivyo: cherehani, mpya, moja. Ikalipiwa kodi yake. Ada ya uwakala Mama hakuichukua, hata nauli ya pikapu ya kutoa katoni zile bandarini aliilipa yeye. Huruma yake ilitoka mfukoni mwake. Hakuiandika kwenye tamko ili ilipwe na wengine. Nimewaza sana juu ya jambo hilo, kwa sababu nimeona wema mwingi mjini hapa unaofanywa kwa mali ya watu.

Miaka ikapita, mpwa wangu akaniomba niwe mshenga wake. Nilikubali, lakini kabla ya kufunga safari nikamkalisha nikamwuliza maswali. Kazi gani, mkataba au kibarua, madeni, na kama ana mtoto. Alikuwa na mtoto Tanga, na alitaka hilo lisubiri mpaka baada ya ndoa. Nikamwambia sitakwenda kuongea na wazee wa watu kwa maneno ambayo kesho nitaulizwa mimi. Alininunia. Baadaye akarudi, akaniruhusu. Nilipolisema ukweni, mjomba wa binti akauliza mtoto analelewa na nani na anatumiwa shilingi ngapi kwa mwezi. Nilikuwa na jibu, kwa sababu nilishauliza. Walitaka kumwona mtoto kwanza, na mazungumzo yakaendelea kutoka hapo.

Siku hizi mfumo wa kompyuta wa forodha, TANCIS, umerahisisha mengi. Makadirio, namba ya malipo, vibali vya shirika la viwango (TBS) au mamlaka ya dawa (TMDA), ruhusa ya kutoa mzigo, vyote vinaonekana kwenye kompyuta, na kijana anaweza kuchukua tamko la mwezi jana akabadilisha tarehe na uzito. Ndiyo maana vijana ninaowafundisha kazi sasa nawapeleka bandari kavu, juani, wasimame wakati lakiri inakatwa na kontena linafunguliwa, wasome namba za katoni zenyewe. Mteja akipiga simu hawaruhusiwi kumjibu kwamba mzigo "unashughulikiwa". Wamwambie ni karatasi gani inasubiriwa, iko meza ipi, tangu lini. Na jalada likija na maelezo ya mstari mmoja tunalirudisha siku hiyo hiyo, hata kama meli imeshafunga gati na siku 21 za kisheria za kuwasilisha tamko zinahesabika. Wapo wateja waliotuhama kwa sababu hiyo, na nimewaacha waende.