Theluji Kabla ya Wakati Wake: Bustani Zetu za Louisville, Columbus na Buffalo



Kwetu mwezi wa Oktoba huleta mvua za vuli. Mwenye shamba huyatazama mawingu kwa matumaini, na mbegu amekwisha ziweka tayari. Huku tuliko, mbingu za mwezi huo huo hutazamwa kwa wasiwasi, kwani kilichopandwa Mei kinangojea kuvunwa, na usiku mmoja waweza kukimaliza. Elimu ya jambo hili hatukuirithi kwa wazee wetu. Yatupasa kuitafuta na kufundishana. Neno lenyewe tulikuwa nalo. "Theluji" ni neno la asili ya Kiarabu, nalo limo katika dua ya kufungulia sala iliyopokewa kwa Abu Huraira, Allah amridhie, ambayo baadhi yetu tuliihifadhi utotoni. Tulilijua neno kabla ya kukiona kitu, isipokuwa wale waliokulia chini ya Mlima Kilimanjaro.

Anayetaka kuyaona majira yakigeuka na asafiri kwa gari mwezi wa Oktoba kutoka Louisville, aishike barabara kuu ya 71 kupitia Cincinnati mpaka Columbus, aendelee hadi Cleveland, kisha aifuate barabara ya 90 kandokando ya Ziwa Erie hadi Buffalo. Safari nzima ni karibu kilomita 900. Louisville, ukingoni mwa mto Ohio, ataikuta bamia na pilipili bado zinazaa. Columbus ataambiwa kwamba jalidi, yaani umande ulioganda, inatazamiwa wiki yoyote. Angedhani Buffalo, iliyo kaskazini zaidi, bustani zimekwisha kufa. Mara nyingi sivyo. Maji ya ziwa huhifadhi joto la kiangazi na kuichelewesha jalidi kwa walio karibu nayo. Ndiyo sababu njiani msafiri hupita mashamba makubwa ya zabibu.

Lakini ziwa hilo hilo linalotulinda ndilo linalotuletea dhoruba. Upepo wa baridi kali upitapo juu ya maji yenye joto, huchota mvuke, mvuke ukapanda, ukawa wingu, wingu likamwaga theluji mara lifikapo nchi kavu. Ziwa Erie lina urefu wa karibu kilomita 390, limelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, na Buffalo iko kwenye ncha yake. Upepo ukivuma kwa kuufuata urefu huo, mzigo wote humwagwa mahali pamoja. Columbus iko mbali na ziwa, na Louisville mbali zaidi. Huko theluji ya Oktoba huwa haba na nyepesi.

Mfano usiosahaulika ni ule wa tarehe 12 na 13 Oktoba 2006. Maji ya ziwa yalikuwa na joto la nyuzi 17 hivi, na baridi ikashuka ghafula. Katika uwanja wa ndege wa Buffalo ilipimwa theluji ya inchi 22.6, yaani sentimita 57, huku radi zikinguruma. Theluji ile ilikuwa ya majimaji na nzito, na miti ilikuwa bado imevaa majani yake yote. Kila jani likabeba sehemu yake ya mzigo, matawi yakakatika usiku kucha, na yalipoanguka yakavuta nyaya za umeme. Nyumba na maduka karibu 400,000 yakakosa umeme, mengine kwa zaidi ya wiki. Bustani ya Delaware Park ilipoteza miti mingi ya kale. Baadaye wananchi waliungana wakapanda maelfu ya miti mipya.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na mfungo ulikuwa ukielekea kwenye kumi la mwisho. Siku ya pili ya dhoruba ilikuwa Ijumaa. Nyumba zilizokosa umeme zilifuturu kwa mishumaa. Miongoni mwa waliofariki katika msiba ule walikuwamo waliouawa na hewa ya sumu ndani ya nyumba zao. Hapa, ndugu zetu, ndipo tunapoomba msikilize kwa makini. Mkaa uwakapo hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Nyumba za kwetu hupitisha upepo; za huku zimezibwa ili kuzuia baridi. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani, wala kwenye gereji, hata dirisha likiwa wazi. Jenereta nayo ikae nje, mbali na madirisha, si chini ya mita 6. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na aliyefunga huweza kudhani ni saumu tu. Wakiugua watu wawili wa nyumba moja kwa pamoja, tokeni nje nyote na mpige simu 911. Tusisahau kwamba mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na tena Desemba, inshallah.

Kuhusu sala, madhehebu ya Imam Shafi, yafuatwayo na wengi wa watu wa pwani yetu, yanaruhusu kukusanya sala mbili msikitini kwa ajili ya mvua, na theluji inayolowesha nguo ina hukumu hiyo. Masharti yake aulizwe imamu.

Turudi bustanini. Ikitangazwa baridi, vuneni kwanza vile visivyoistahimili: mchicha, kunde, bamia, pilipili, matembele na majani ya maboga. Nyanya mbichi zitaiva ndani zikifungwa kwenye gazeti, au zitiwe achari. Sukuma wiki iacheni. Baridi huizidishia utamu, kwani mmea hugeuza wanga wake kuwa sukari ili usigande. Theluji ikiifunika haidhuru sana, maana hulikinga shina na baridi kali ya usiku wenye anga safi. Miti midogo ya matunda itikiswe taratibu ili mzigo upungue, ila mtu asikaribie tawi lililogusa waya.

Kisha, baada ya kuvuna, lipo la kupanda. Katika miji yote mitatu, Oktoba ndio mwezi wa kitunguu saumu. Tenganisheni punje, zifukieni kiasi cha vidole vitatu, ncha ikiangalia juu, na mfunike kwa majani makavu. Zitatoa mizizi, zitalala chini ya theluji, zitachipua theluji ikiyeyuka, na mwezi wa Julai mtang'oa. Watoto na washirikishwe kazi hiyo, wapate kujua kwamba hata huku vuli ina mbegu yake.

Wabillahi tawfiq.