Mrudishie bibi ungo wake

Mzee akianza kusahau, familia nyingi huanza kwa kumnyang'anya kazi. “Mama, wewe pumzika tu, tutafanya sisi.” Kisu kinafichwa, ungo unachukuliwa, jikoni haingii tena. Nia ni njema, lakini anashinda kibarazani bila la kufanya, na jioni anasimama akidai kurudi kwao. Watoto husema maradhi yamezidi, kumbe pengine amechoka kukaa bure.

Jina la Montessori wazazi wengi wanalijua kupitia shule za chekechea. Maria Montessori, daktari Mwitaliano, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, akawapa kazi halisi za mikono: kumimina maji, kufunga vifungo, kupanga vitu kwa ukubwa. Miaka ya 1990 mwanasaikolojia wa Marekani, Cameron Camp, alianza kuitumia njia hiyo kwa wazee wenye demensia.

Maradhi haya mara nyingi hufuta kwanza mambo ya karibuni: amekula nini, nani amekuja. Ujuzi ambao mikono imeuzoea kwa miaka hukawia kupotea. Aliyesahau jina la mjukuu huenda bado anajua kuchambua mchele.

Hakuna haja ya kununua vifaa. Aliyekuwa mvuvi apewe kamba afunge mafundo. Aliyekuwa fundi cherehani apange vitambaa kwa rangi. Bibi asuke ukili. Mwombe, usimwamuru: “Mama, naomba unisaidie hapa.” Mwonyeshe polepole, hatua moja moja, kwa maneno machache. Akichoka, acheni. Vitu vidogo anavyoweza kumeza asiachiwe peke yake.

Haya hayaponyi. Usahaulifu ukianza, mpeleke hospitali, maana baadhi ya sababu zake zinatibika. Kinacholindwa hapa ni heshima yake. Mzee si mtoto: usimpe midoli wala usimsemeshe kitoto. Mchele aliouchambua upikwe siku hiyo hiyo, na mezani watu waambiwe ni kazi ya nani. Wajukuu nao wakae naye mkekani, waone namna mzee anavyotunzwa.

Na ukikuta vijiwe vimebaki kwenye mchele, vitoe kimya kimya, asikuone.