Mashine Yetu Haikutoka Japani

Mpwa wangu amenitumia picha ya kitu alichokiona mtandaoni, na sauti yake kwenye simu ilikuwa ya mtu aliyeokota almasi. "Anko, hii Nintendo orijino, ile ya kwanza kabisa ya 1983! Jamaa anataka laki tatu, nimwambie aishike?" Nikaikuza picha. Ganda jeupe, pedi mbili zimechomekwa kwa mbele, kila pedi ina batani nne za mviringo. Nikamwambia hiyo si Nintendo, na Nintendo yenyewe haijawahi kuigusa. Akadhani namkatisha tamaa ili nikainunue mwenyewe.

Kizazi hiki kina intaneti mfukoni na bado kinauziwa mbuzi kwenye gunia. Famicom ya Japani, ndiyo hiyo Nintendo ya 1983, ni rahisi kuitambua. Ni nyeupe na nyekundu iliyoiva, na pedi zake hazichomoki: waya zinatokea ndani ya mashine, na pedi zenyewe hulazwa ubavuni. Pedi ya pili haina Start wala Select, badala yake ina kipaza sauti kidogo. Zile za mwanzo kabisa za 1983 zilikuwa na batani za mraba, za mpira, zilizokuwa zikikwama, ndiyo maana zikabadilishwa kuwa za duara. Ukiona pedi zinachomoka na zina batani za Turbo, hapo uko Taiwan au China, ndugu yangu, Japani umeipita mbali.

Na Famicom halisi ingefanya nini sebuleni kwetu? Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni zaidi ya mara mbili. Picha yake ilipita kwenye waya wa antena kwa chaneli za Kijapani, na TV zetu za chogo zilikuwa za PAL. Hata ukipata adapta, ungeambulia chenga. Waliotengeneza nakala ndio waliotufikiria sisi watu wa PAL.

Yetu ililetwa na baba mdogo kutoka Dubai, ndani ya sanduku lililojaa pia vitenge na betri. Mwaka gani, nyumba nzima imegawanyika. Mama anasema 1993, kaka anashikilia 1995. Nilijaribu kupima kwa kituo cha ITV cha Bara, kilichoanza kurusha matangazo 1994, kwa kuwa nakumbuka tukifukuzwa kwenye TV ili wakubwa waangalie taarifa ya habari. Lakini Zanzibar walikuwa na TV tangu miaka ya 70, na mashine hiyo mara nyingine tuliicheza kwa shangazi hukohuko, Michenzani. Basi, mwaka na uende zake.

Ninachokikumbuka bila kubishana na mtu ni fundi wetu wa Kariakoo, upenuni mwa duka, hatua chache kutoka Mtaa wa Aggrey. Kibanda chake kilinuka moshi wa risasi inayoyeyuka na spiriti, harufu iliyokuwa ikikung'ang'ania kwenye shati mpaka nyumbani. Kila mashine aliibandika kipande cha plasta na kuandika jina la mwenyewe kwa kalamu ya bluu. Risiti hakuwahi kumpa mtu. Sisi tulikuwa tukipuliza kaseti ikikataa, tena kwa nguvu zote za mapafu. Akikuona unapuliza alikupiga kofi mkononi. "Mate yana chumvi, mwanangu. Unaiozesha." Yeye alichukua kifutio cha penseli, cheupe, akasugua meno ya shaba ya kaseti taratibu kwa upande mmoja, kisha akapitisha pamba yenye spiriti. Kisha akajaribu kwa Battle City, kaseti ileile siku zote, na akishaona vifaru vinatembea alizima. Sikumwona hata mara moja akimaliza hatua ya kwanza.

Kwake ndipo nilipoona tumbo la mashine hizi. Za mwanzo zilikuwa na chipu kubwa mbili zenye miguu mingi, zimeandikwa UMC, kampuni ya Taiwan, na namba zinazoanza na UA65. Za baadaye hakuna kitu: ubao mdogo na tone jeusi lililoganda katikati, basi. Tone likifa, fundi alikurudishia mashine bila kushika bisibisi mara ya pili. Mkusanyaji akiniuliza aanzie wapi, namwambia afungue mgongo kwanza. Ganda linadanganya sana. Kuna ile PolyStation iliyojifanya PlayStation: unafungua mfuniko wa CD, chini yake unakuta tundu la kaseti.

Kaseti nazo zilikuwa na uongo wake. Iliyoandikwa michezo 9999999 ilikuwa na michezo michache tu, Contra, Circus Charlie, Mario, ikirudiwa kwa majina mapya na kuanzia hatua tofauti. Tulijua, na tulihesabu hivyohivyo. Jambo ambalo hatukulijua ni kwamba Mario wetu alikuwa mzito. Japani picha hubadilika mara 60 kwa sekunde, kwenye mashine zetu za PAL mara 50, na muziki hufuata picha. Watoto wa Tokyo walisikia wimbo uleule kwa kasi zaidi. Nilipousikia ule wa kwao ukubwani niliuona una haraka isiyo na sababu, na bado nauona hivyo.

Baadaye zikaja PlayStation zilizochezewa ndani, vibanda vya gemu vya kulipia kwa mechi, kisha simu, na kaseti zikaishia kwenye maboksi chini ya vitanda.

Ninazo mashine kadhaa sasa, na zinazonipendeza ni zile za UMC, zilizogeuka njano kwa jua. Kinachoniudhi ni pistoli ya gemu ya kuwinda bata. Ukivuta kifyatuo, kioo kinakuwa cheusi kwa kufumba na kufumbua, kisha kisanduku cheupe kinatokea mahali alipo bata, na jicho la pistoli linatafuta mwanga huo papo hapo. TV bapa huchelewesha picha, hivyo bata hafi hata ukimgusa mdomo. Inahitaji chogo. Na wauza vyuma chakavu wanavunja machogo kwa ajili ya shaba iliyozungushwa nyuma ya kioo, kwa hiyo siku hizi nikipita mitaani naulizia TV kwanza, mashine baadaye.