Slaidi za lumbesa: panga maandishi yasomeke mpaka nyuma ya ukumbi

Leo tuache kidogo habari za bakajani na bei ya kabichi. Nataka tuzungumzie slaidi, yale maandishi yanayomulikwa ukutani kwa projekta. Najua wapo watakaosema bwana shamba sasa kahamia ofisini. Lakini kila msimu naona vikundi vya huku Soni vikiitwa kueleza mipango yao mbele ya watu. Wengine wanaomba ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wengine wanatafuta mnunuzi wa mboga wa Tanga au Dar es Salaam. Shamba ni zuri, hesabu ni sahihi, halafu ukutani hakuna kinachosomeka.

Kuna kikundi kimoja cha akina mama kilichopeleka slaidi kwenye kikao nami nikiwa nimekaa nyuma. Walilipa pesa zao steshenari wakachapiwa. Kule steshenari ilionekana vizuri kabisa: upande wa kushoto majina ya pembejeo, upande wa kulia bei. Tatizo ni kwamba mchapaji alisogeza zile bei kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara nyingi mpaka zikapangana. Ukumbini kulikuwa na kompyuta nyingine isiyokuwa na aina ile ya herufi. Kompyuta ikaweka herufi zake, pana zaidi. Mstari wa mbegu ukajaa, na bei yake, 1,440,000, ikadondoka chini ikakaa pembeni kabisa, juu ya neno mbolea.

Mjumbe mmoja akauliza, "Mama Mwenyekiti, mbolea ya ekari mbili ndiyo milioni moja na nusu?"

Yule mama alijua hesabu zake kwa kichwa na akajibu vizuri. Ila ukumbi mzima ulikuwa umeshaona kitu kingine ukutani. Wakaambiwa wakarekebishe, warudi kikao kijacho. Kikao kijacho kilikuja mbegu za wenzao zikiwa zimeshaota.

Kwa hiyo jambo la kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: bei na kiasi visipangwe kwa kitufe cha nafasi. Mwambie mchapaji aweke jedwali. Aende palipoandikwa Insert, kisha Table, achague safu mbili au tatu. Majina yaegemee kushoto, namba ziegemee kulia, ili mamoja yawe chini ya mamoja na maelfu chini ya maelfu. Jedwali halihami hata herufi zikibadilika. Mistari ya jedwali ukitaka ionekane sawa, usipotaka sawa. Kazi ikiisha, ahifadhi nakala mbili kwenye flashi: moja ya kawaida na moja ya PDF. Ile ya PDF hufunguka vilevile ilivyo kwenye kompyuta yoyote. Ukitumiwa kwa WhatsApp, itumwe kama faili, isipigwe picha.

La pili ni nafasi, na hili mkulima analijua kuliko mchapaji. Viazi mviringo tunapanda sentimita 75 kati ya mstari na mstari, na 30 kati ya shina na shina. Ukibana, majani yanashikana, unyevu unakaa, ugonjwa unaingia. Maandishi nayo yakibanana jicho linapotea, hasa jicho la mzee aliyekaa nyuma. Nafasi kati ya mistari iwekwe 1.2 mpaka 1.5. Ipo alama yake pale Home, yenye mistari na mishale ya juu na chini. Isitafutwe kwa kubonyeza Enter mara mbili mbili, maana kila Enter inaanzisha hoja mpya. Ukitaka mstari mpya ndani ya hoja ileile, shikilia Shift ndipo ubonyeze Enter.

Halafu kuna lumbesa. Sote tunajua gunia lililoshonewa kilemba, na Sheria ya Vipimo haitaki kifurushi cha mazao kizidi kilo 100. Basi slaidi nayo ina kipimo chake. Mistari sita au saba inatosha. Kichwa cha habari herufi za 36, maelezo zisipungue 24. Ukiona mchapaji anapunguza herufi mpaka 14 ili yote yaenee, hiyo ni lumbesa. Mwambie agawe slaidi mbili. Hulipi zaidi kwa ukuta. (Steshenari wanaweza kudai walipwe kwa kila slaidi, mpatane kabla.)

Rangi sitaisema sana. Kumbi zetu nyingi ni madarasa yenye madirisha makubwa, mchana jua linaingia. Herufi nyeusi juu ya nyeupe ndizo zinazoonekana. Picha ya shamba la karoti nyuma ya maandishi inapendeza kwenye simu, ukutani inameza maneno. Ipe slaidi yake peke yake.

Kama huna kompyuta ya kujaribia, omba uchapiwe slaidi moja kwenye karatasi ya A4. Iweke chini sakafuni, simama wima, isome. Ukilazimika kuinama, herufi ni ndogo, irudishe kabla hujalipa. Fanya jaribio hilo ukiwa na mweka hazina wa kikundi, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa kuhusu kila namba.

Wanaojiandaa kwa kikao cha karibuni wanaweza kunipitishia flashi ofisi ya kata kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo nakuwa mashambani.