Bustani ya Gertrude

Msomaji mpenzi, si kila jambo jema hutoka katika mkono mwema. Neno hili ni gumu kulimeza, nami hulitafuna kila nipitapo Muthaiga, Nairobi, ilipo Hospitali ya Watoto ya Gertrude. Nataka leo tulitafune pamoja.

Ewart Grogan alikuwa Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1874. Alipotaka kumwoa Gertrude Watt wa New Zealand, baba wa kambo wa msichana huyo alimtilia shaka. Grogan akaahidi kuvuka Afrika kutoka Cape hadi Cairo, ili aonyeshe kuwa yeye ni mtu wa maana. Alimaliza safari hiyo mwaka 1900, akamwoa. Baadaye walihamia Kenya, naye akatajirika kwa ardhi na mbao. Gertrude alifariki mwaka 1943. Mumewe alitoa kiwanja Muthaiga, na mwaka 1947 ikaanzishwa hapo nyumba ya kutunza watoto wagonjwa kwa ukumbusho wake, ikaitwa Bustani ya Gertrude.

Hadithi hii yapendeza, sivyo? Lakini ina upande wa pili. Mwezi wa Machi mwaka 1907, Grogan huyo huyo aliwaleta Wagikuyu watatu, wavutaji wa riksho, mbele ya mahakama ya Nairobi, akawachapa viboko hadharani. Walishtakiwa naye tu, si na hakimu, kwamba waliwakosea adabu wanawake wa Kizungu. Grogan alifungwa mwezi mmoja. Wala kosa aliloadhibiwa halikuwa kuwapiga watu, bali kukusanya watu kinyume cha sheria.

Basi tufanyeje na zawadi ya mtu wa namna hiyo? Kabla ya kujibu, yafaa tujue thamani ya zawadi yenyewe. Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Mtoto wa kilo 10 ana damu isiyofika lita moja. Kiasi ambacho mtu mzima hutoa kwa hiari kumsaidia mgonjwa chaweza kumwua. Dawa yake hupimwa kwa uzito wake. Kuhara kwa siku moja kwaweza kumkausha maji mwilini. Tena aliye mchanga hawezi kusema aumwapo, hulia tu, na muuguzi hana budi kuisoma lugha ya kilio. Ndiyo sababu London ilifungua hospitali ya watoto katika Great Ormond Street mwaka 1852, ikiwa na vitanda 10 tu.

Hospitali yetu nayo ilianzishwa katika siku ambazo matibabu ya Kenya yaligawanywa kwa rangi ya ngozi. Uhuru ulikuja mwaka 1963, na ubaguzi huo ukaondolewa. Leo hospitali hiyo ina vituo Lavington, Donholm, Embakasi, Komarock na kwingineko, nayo hufundisha wauguzi utunzaji wa watoto. Ni kweli kwamba matibabu yake hulipiwa, na bado wako wazazi ambao mfuko wao hauwafikishi langoni.

Wako wasemao kwamba wema wa 1947 umefuta ubaya wa 1907. Mimi sikubali. Kiboko hakilipwi kwa kitanda, hasa ikiwa aliyepigwa siye aliyepewa kitanda. Wako pia wasemao kwamba kitu kilichotoka katika mkono ule kikataliwe. Hao nao siwaafiki. Wazee walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mtoto anayehemea pumzi usiku huu hakumchapa mtu, wala hakuchapwa. Haki yake ni dawa.

Tena fikiri: kiwanja hutolewa siku moja, lakini hospitali hujengwa kila siku. Aliyeikuza ni muuguzi akeshaye, daktari aliyesomea maradhi ya watoto, mfuaji wa shuka na mpishi wa uji. Hao ndio waliogeuza ukumbusho wa mke mmoja ukawa nyumba ya watoto wa watu wengi.

Kwa hiyo ukipita langoni pale, lisome jina la Gertrude kwa heshima, kisha uwakumbuke wale watu watatu ambao majina yao hayakuandikwa juu ya lango lile. Moyo wa msomi una nafasi ya kuyabeba yote mawili.