Kitufe cha "Rudi"



Wapendwa wanaparokia, tafakari yetu ya juma hili inatoka mahali ambapo pengine hamkupatarajia: kwenye kompyuta ya ofisi ya parokia.

Kama mjuavyo, kijana wetu mmoja alijitolea kututengenezea programu ndogo ya kutafutia kumbukumbu za ubatizo, ili katibu asipekue vitabu vikuukuu kila anapoombwa cheti. Juu ya dirisha aliweka vitufe viwili, "Rudi" na "Mbele", na kando yake menyu ya historia, yaani orodha ya kurasa zilizofunguliwa, ya karibuni ikiwa juu. Hapo mwanzo kila mstari wa menyu hiyo ulisomeka "Kumbukumbu". Katibu aliyetaka kurudi hatua tano hakujua achague upi. Sisi tukamwambia kijana aandike jina la mwamini katika kila mstari. Alisita kidogo, kisha akatii.

Shauri lilikuwa letu, na kosa ni letu. Asubuhi moja mama mmoja alisimama karibu na meza akingoja cheti cha mwanawe. Katibu alipofungua menyu, mama akasoma jina la binti wa jirani yake. Nanyi mnajua kwamba anayeomba cheti kipya cha ubatizo mara nyingi anajiandaa kufunga ndoa, kwa kuwa habari za kipaimara na za ndoa huandikwa pembeni mwa kitabu cha ubatizo. Jioni habari ilikwisha kufika sokoni, kabla binti hajazungumza na baba yake. Alikuja kwetu akilia. Tulimwomba radhi, tukafuatana naye hadi kwa mzee kumwomba radhi pia. Tunasimulia haya kwa ridhaa ya binti, na ndoa yake imekwisha kufungwa.

Tulikaa upya na kijana. Alitueleza kwa upole kwamba menyu ya historia si daftari la watu. Kazi yake ni kumsaidia mtumiaji kurudi alikotoka. Sasa kila mstari unaonyesha namba ya kumbukumbu na kazi iliyofanyika: kutafuta, kusoma, au kuchapa cheti. Katibu akimaliza kumhudumia mtu, orodha yote hufutika kabla hajamwita mwingine. Kitabu cha ubatizo chenyewe kinabaki kama kilivyo.

Akatuonyesha jambo la pili. Katika programu nyingi, ukirudi nyuma hatua tatu kisha ukafungua ukurasa mpya, zile hatua tatu zilizokuwa "Mbele" hupotea, kana kwamba umeikana njia ile. Sisi wa Ufipa tunajua kwamba barabara haziko hivyo. Mtu akiteremka Muze, katika bonde la Rukwa, kisha akapanda tena hadi Sumbawanga na kushika njia ya Laela, barabara ya Muze inabaki pale pale. Kwa hiyo kijana ameiacha menyu ihifadhi hata njia iliyoachwa, mpaka huduma ya mtu yule iishe.

Ndugu zangu, Kiswahili chetu kina hazina katika neno hili. Kurudi ni kugeukia ulikotoka. Kumrudi mtoto ni kumwonya. Kujirudi ni kutambua kosa na kubadilika. Yule mwana mpotevu wa Injili alizikumbuka hatua zake, akajirudi, akaikuta njia ya nyumbani ingalipo. Nasi katika Kitubio tunazikumbuka hatua zetu ili turudi kwa Baba, na padre amefungwa na siri asiyoweza kuivunja kwa sababu yoyote. Dhambi huondolewa, bali alama ya ubatizo haifutiki kamwe. Mara nyingi sisi hutenda kinyume: tunasahau kwamba jirani yetu ni mbatizwa, lakini tunazihifadhi hatua zake zote na kuwasomea wapita njia.

Basi, juma hili kabla ya kulala tuzipitie hatua za siku, zetu wenyewe. Na kama kuna jina tulilolisoma mahali tusipopaswa kulisoma, liishie hapo.

Tunawatakia Dominika njema. Mungu awabariki.